Gramu 1,276 kwenye Njia ya Kangangi

Bahasha ya kaki, pana kama gazeti lililokunjuliwa, imesimama juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa mjomba wangu, Igoji. Mbele yake pana kalenda ya kanisa na redio isiyo na betri. Ndani mna picha za ubongo wake. Zilipigwa miaka sita iliyopita, baada ya yeye kuanguka kando ya zizi akiwa na ndoo ya maziwa mkononi, na baada ya usiku mzima wa kutafuta mashine inayofanya kazi. Hospitali ya kwanza ilikuwa na mashine, lakini saa hizo hapakuwa na mtu wa kuiendesha. Ya pili mtu alikuwapo, mashine ikawa mbovu. Tulipofika ya tatu jua lilikuwa limechomoza, na mkono wake wa kulia umelegea kama kamba iliyofunguliwa shingoni mwa ng'ombe.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza bahasha hiyo ilitoka wapi. Jina la hospitali ninalijua. Ninachouliza ni jinsi watu walivyoacha kubahatisha juu ya kilichomo ndani ya fuvu la mtu wa Meru au wa Embu, wakaanza kutazama. Mwezi uliopita niliamua kuifuata njia hiyo kwa matatu na kwa miguu, kutoka Embu kupanda hadi Igoji, nikiwa na daftari lenye mambo niliyoyanakili katika maktaba za Nairobi.

Embu ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 1906, Waingereza walipokwisha kuishinda nchi hii kwa bunduki, afisa mmoja aitwaye Edward Butler Horne alifungua kituo cha serikali hapa. Mwaka 1908 akapanda kaskazini hadi Meru, akawa mkuu wa wilaya wa kwanza kule. Wameru walimwita Kangangi, mtu wa kutangatanga. Kutoka Embu hadi Meru ni kuvuka mto baada ya mto, yote ikishuka kutoka Mlima Kenya kuutafuta Tana: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Mara, Thingithu, hadi Kathita ulio kwenye mlango wa mji wa Meru. Mtoto wa huku hujua jiografia kwa hesabu ya madaraja.

Matatu ilipoondoka stendi ya Embu, upande wa kushoto tulipita kiwanda cha kahawa. Kinamama walikuwa wamepanga foleni na magunia ya buni mbichi, na karani akisoma mizani kwa sauti, mmoja mmoja, naye mwenye gunia akichungulia juu ya bega lake kuhakikisha. Kahawa iliingia mikononi mwa Waafrika wa huku katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliporuhusu majaribio Kisii, Embu na Meru, baada ya miaka mingi ya kuifanya zao la walowezi peke yao. Nilipoiona mizani ile nilifungua daftari, kwa kuwa katika miaka hiyohiyo mizani nyingine ilikuwa ikifanya kazi Nairobi.

Mizani hiyo ilikuwa ya Dakta F. W. Vint, mtaalamu wa maradhi katika maabara ya utafiti ya serikali. Alichukua bongo za Waafrika waliofia hospitalini, akazipima uzito, akazikata vipande vyembamba na kuhesabu chembe zake chini ya hadubini. Makala yake juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya yalichapishwa Uingereza mwaka 1934 katika jarida la wanaanatomia. Wastani wa bongo 100 ulikuwa gramu 1,276. Mzungu alipewa gramu 1,428. Dakta H. L. Gordon, tabibu wa Nairobi aliyekuwa akihubiri uboreshaji wa mbegu za binadamu, aliichukua tofauti hiyo akazunguka nayo: kama ubongo wa Mwafrika una kikomo, alidai, basi na elimu ya kumpa iwe na kikomo. Mwaka 1933 walowezi na madaktari walianzisha hata chama cha kuchunguza uboreshaji wa rangi za watu Kenya. Serikali ya London iliombwa fedha za utafiti mkubwa zaidi, ikakataa.

Nimeiandika namba hiyo mara nyingi kwenye daftari langu, na kila mara kalamu yangu huwa nzito. Hao 100 walikuwa nani? Walikuwa watu waliofia katika wodi za Waafrika wa Nairobi ya kikoloni, wengi wao maskini, wamechoshwa na njaa, kifua kikuu na malaria. Uzito wa ubongo hubadilika kwa umri, kwa kimo cha mwili, kwa ugonjwa ulioua na kwa saa zilizopita tangu kifo hadi kisu. Na hata ukiyaondoa hayo yote, ubongo uliotulia kwenye sahani ya mizani umekwisha kupoteza kitu kimoja kilichoufanya uwe ubongo: damu inayopita ndani yake. Vint alipima mtungi baada ya maji kumwagika, kisha Gordon akatangaza kuwa chemchemi ni hafifu.

Runyenjes nilishuka kunywa chai. Mlima Karue unaonekana kutoka huku, umejiinamia juu ya mashamba, na wazee bado huelekeza kidole misitu ya juu wanapotaja miaka ya hali ya hatari. Hali hiyo, iliyotangazwa Oktoba 1952, haikuwagusa Wakikuyu peke yao. Serikali iliwafunga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja, ikawapa vitambulisho vya kwao, ikawahamishia katika vijiji vyenye mahandaki. Jenerali Kubukubu wa Mau Mau alitoka upande huu wa Embu. Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni hadi uhuru ulipoingia Desemba 1963.

Katika miaka hiyo ya hali ya hatari serikali ilimwita mtaalamu aieleze akili ya watu hao. Jina lake ni J. C. Carothers. Aliisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Mwaka 1954 mpigachapa wa serikali Nairobi akatoa taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Carothers alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba tabia zake zinafanana sana na za Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu hiyo kwa upasuaji. Kwa maneno mengine, Mwembu aliyepigania shamba lake alikuwa mtu aliyezaliwa amekwisha kupasuliwa. Frantz Fanon alimjibu kwa jina mwaka 1961, katika kitabu alichokiandika akiwa karibu kufa.

Upasuaji ambao Carothers aliutumia kutulinganisha ulibuniwa na daktari Mreno, Egas Moniz, mwaka 1935, ukampa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Leo hakuna daktari anayejivunia kuufanya. Lakini Moniz huyohuyo, huko Lisbon mwezi Juni 1927, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuipata picha ya mishipa ya damu ndani ya kichwa cha mtu aliye hai. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo, kwa hiyo msaidizi wake Almeida Lima ndiye aliyeshika sindano. Waliufungua mshipa mkubwa wa shingo, wakaingiza dawa yenye ayodini isiyopenywa na miale ya eksirei, wakapiga picha upesi kabla dawa haijasukumwa na moyo. Kwenye filamu yakatokea matawi meupe, kama mti uliopukutisha majani. Majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri na mgonjwa mmoja alikufa. Hata hivyo mlango ulifunguka. Mtu mmoja aliwapa madaktari jicho na kisu, na waliotuandikia sisi hapa, Carothers wa Mathari akiwa mbele yao, walikichukua kisu wakaliacha jicho.

Kutoka Runyenjes hadi Thuci nilitembea. Kando ya barabara kuna mifereji ya maji iliyochimbwa kwa jembe, kila mmoja umetolewa mtoni juu na kugawanywa shamba kwa shamba. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti akiondoa majani yaliyoziba mdomo wa mfereji wake. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinuka. Alinionyesha migomba ya jirani wa chini: ile ya karibu na mfereji ilikuwa imenyauka lakini shina bado bichi, ya mbali zaidi ilikwisha kukauka. "Hii ya hapa maji yakirudi leo itainuka," akasema. "Ile nyingine usiihangaikie."

Sijawahi kusikia mtu akiueleza ugonjwa wa kiharusi vizuri kuliko hivyo, ingawa yeye alikuwa akizungumza juu ya ndizi. Mshipa wa ubongo unapozibwa na damu iliyoganda, katikati ya sehemu iliyonyimwa damu, chembe hufa ndani ya dakika chache. Kuizunguka sehemu hiyo kuna nyingine iliyonyamaza bila kufa. Inapata damu kidogo kupitia vijimshipa vya pembeni, inangoja. Kwa kawaida kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na mililita 50 hivi za damu kwa dakika. Zikipungua hadi kama 20, chembe huacha kazi. Zikishuka chini ya 10, hufa. Hizi ni namba za ubongo ulio hai, na hazikupatikana kwa mizani.

Zilipatikana kwa safari iliyoanzia, nashangaa kila nikikumbuka, kwa mkulima. Katika miaka ya 1870 huko Turin, Italia, Angelo Mosso alimchunguza mtu wa shamba aitwaye Bertino, ambaye fuvu lake lilivunjika na kuacha pengo ambalo ubongo ulionekana ukipuma chini ya ngozi. Mosso aliweka kifaa cha kuandika mapigo hayo kwenye karatasi. Kengele za kanisa zilipolia saa sita mchana, mapigo ya ubongo yalipanda. Mosso akamuuliza kama kengele zilimkumbusha kuwa alipaswa kusali. Mapigo yakapanda tena. Damu ilikuwa imekimbilia mahali pa wazo.

Hapa kwetu wapo waliouona ubongo ukipuma bila kusubiri Turin. Ababari wa Abagusii, mafundi wa kukwangua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani, waliufanya upasuaji huo kizazi baada ya kizazi, na wagonjwa wao wengi walipona na kurudi mashambani. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Mathari katika miaka ya 1950, aliwaandika kwa heshima iliyostahili. Katika hospitali ileile iliyokuwa ya Carothers, mtu mwingine aliangalia vichwa vya Waafrika na kuona ustadi.

Mwisho wa Vita Vikuu vya Pili, Seymour Kety na Carl Schmidt kule Philadelphia waliwavutisha watu walio macho gesi ya kuchekesha iliyochanganywa hafifu, wakachukua damu inayoingia kichwani na inayotoka, wakakokotoa ni kiasi gani kinapita. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu ya tano ya oksijeni yote. Ubongo wa yeyote kati ya wale 100 wa Vint, alipokuwa hai, ulikuwa ukipitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika, usiku na mchana, akilima, akisali, akihesabu deni lake la kodi.

Baada ya Chuka barabara inaanza kuteremka, na abiria wa matatu wananyamaza. Wanajua linalokuja. Daraja la Nithi liko chini kabisa ya bonde, na mteremko unaingia kwenye kona kabla hujawa tayari. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapa, na zaidi ya watu 30 wakafa. Si ajali ya kwanza ya daraja hili. Nilimwomba dereva anishushe upande wa pili, nikarudi kwa miguu hadi kwenye ukingo. Kuna maua ya plastiki yaliyofungwa kwa waya kwenye chuma, na chini kabisa mto unapita juu ya mawe, maji meupe, sauti yake ikifunikwa na breki za malori.

Majeruhi wa bonde hili hupelekwa Chuka au Chogoria. Hospitali ya Chogoria ilianzishwa mwaka 1922 na Dakta Archibald Clive Irvine wa Misheni ya Scotland, kwa msaada wa fedha za mfanyabiashara Ernest Carr. Mwaka wa ajali ile ndio uliotimiza miaka 100 yake. Upande wa pili wa Meru, Wamethodisti walifungua yao Maua mwaka 1928. Kwa miongo mingi madaktari wa hospitali hizi waliangalia mboni za macho, wakapima mapigo ya moyo, wakamwita mgonjwa kwa jina lake kuona kama ataitikia, na kwa hayo tu wakaamua kama ndani ya fuvu damu inavuja. Fuvu halipanuki. Damu ikimwagika ndani, mgandamizo hupanda hadi moyo ukashindwa kusukuma damu safi kuingia, na mtu huzima kama taa iliyokosa mafuta huku moyo wake ukiwa bado na nguvu. Daktari mpasuaji wa kawaida, akijua damu imetuama upande gani, anaweza kutoboa tundu na kumwokoa. Asipojua, anatoboa gizani au hatoboi kabisa.

Giza hilo lilianza kuondoka tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipopiga picha ya kwanza ya vipande vya ubongo wa mgonjwa. Mwaka 1979 alishiriki Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuikokotoa hesabu ya picha hizo akiwa Cape Town katika miaka ya 1950. Kenya yenyewe ilikuwa na daktari mmoja wa ubongo wa kudumu kuanzia 1967, Renato Ruberti kutoka Napoli. Mwaka 1972 Jawahar Dar akaja kutoka India, wakaanzisha pamoja kitengo cha upasuaji wa ubongo katika Hospitali ya Kenyatta. Gerishom Sande, aliyesomea Belfast, ndiye Mkenya wa kwanza katika kazi hiyo. Mtu wa Meru aliyepasuka kichwa miaka ya 1970 alikuwa na madaktari hao, na kilomita zaidi ya 220 za kuwafikia.

Chogoria nilifika jioni. Kwenye baraza ya nyumba nilikolala, bibi mmoja alikuwa amempakata kitukuu chake cha miezi mitatu, akipapasa utosi wake kwa vidole viwili, kama wafanyavyo bibi wote. Nilimuuliza anatafuta nini. "Nasikiliza kama amekunywa maziwa ya kutosha," alisema. Utosi ukibonyea, mtoto amekaukiwa na maji. Ukivimba, kuna jambo. Bibi huyo alikuwa akiupima ubongo ulio hai, na kipimo chake ni sahihi kuliko cha mizani ya 1934.

Madaktari nao huingilia mlangoni humo. Utosi haujafunga mfupa, kwa hiyo sauti ya juu sana isiyosikika masikioni hupita, ikagonga damu inayokimbia na kurudi na habari ya kasi yake. Kwa mtu mzima mfupa ni mnene, lakini mwaka 1982 Rune Aaslid alionyesha kwamba kwenye panja ni mwembamba kiasi cha kupitisha sauti hiyo. Kifaa chake ni kidogo, hakina mionzi, na hubebwa kwa mkono. Kiliwahi kufanya kazi nchini mwetu: katika miaka ya 1990, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kilifi, Charles Newton na wenzake walikiweka kwenye vichwa vya watoto waliozimia kwa malaria ya ubongo, wale ambao kwa Kiswahili tunasema wamepatwa na degedege. Walisikiliza damu ikipita kwa shida katika baadhi ya watoto hao, huku mgandamizo ndani ya fuvu ukipanda. Nyanda za chini za Embu na Tharaka zinaijua malaria hiyo vizuri.

Ng'ambo ya mpaka, Mbale nchini Uganda, Benjamin Warf alianza mwaka 2001 kuwatibu watoto wenye vichwa vilivyojaa maji kwa kamera nyembamba kama kalamu, badala ya kuwawekea mpira unaoweza kuziba mtoto akiwa kijijini, mbali na daktari. Kamera huingia kupitia tundu dogo hadi kwenye sakafu ya chumba cha kati cha ubongo. Sakafu hiyo ni utando. Nyuma kidogo ya mahali pa kutoboa, mshipa mkubwa unaolisha shina la ubongo unadunda. Ukitoboa mbele yake, maji yanapata njia na mtoto anakua. Ukiugusa, hakuna wa kukusamehe. Mpasuaji huutazama mdundo huo kwenye skrini kabla ya kusogeza chombo, na palipo na kifaa kidogo cha kusikilizia mtiririko, huutafuta mshipa kwa sauti kwanza. Tundu likiwa dogo, damu lazima ionekane vizuri zaidi, kwa sababu mkono hauna nafasi ya kurekebisha kosa.

Hivyo ndivyo ilivyo na ule upasuaji ambao mjomba wangu hakuupata. Siku hizi mshipa wa kichwa ulioziba unaweza kufunguliwa bila kugusa fuvu. Daktari hutoboa mshipa wa paja au wa kifundo cha mkono kwa njia aliyoibuni Sven-Ivar Seldinger, Msweden, mwaka 1953: sindano kwanza, kisha waya laini, kisha mpira mwembamba juu ya waya. Mpira huo hupandishwa polepole kupita kifuani hadi shingoni, hadi ndani ya kichwa, huku dawa ya ayodini ikipulizwa na skrini ikionyesha ule mti wa Moniz ukichanua, tawi kwa tawi. Mahali tawi linapokatika ghafla ndipo ganda la damu lilipo. Hunaswa kwa wavu mdogo wa chuma au hufyonzwa, kisha picha inapigwa tena, na tawi lililokosekana linatokea. Mwaka 2015 tafiti kadhaa kubwa zilithibitisha kwamba njia hii huwarudisha watu kwenye miguu yao.

Mashine hizo ziko Nairobi. Imekadiriwa kwamba kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba, chembe milioni 1.9 za ubongo hufa. Kutoka Igoji hadi Nairobi, ukipata gari upesi na foleni ya Thika ikakuhurumia, ni kama saa nne. Ndiyo maana watu wengi huku husema mambo hayo ni ya watu wa mjini, na ndugu zangu mwenyewe walisema hivyo usiku ule. Lakini mwaka 2018 yalitoka matokeo yanayopaswa kuwahusu watu wa barabara ndefu kuliko mtu yeyote. Tafiti mbili ziliwachagua wagonjwa kwa picha ya ubongo, ile inayotenganisha mgomba uliokauka na mgomba ulionyauka, badala ya kuwachagua kwa saa ya ukutani peke yake. Wale ambao picha ilionyesha sehemu kubwa bado inangoja walifunguliwa mshipa hata saa 16, na wengine hata saa 24, baada ya kuanguka, na wengi wao wakafaidika.

Kwa mtu wa mjini aliyelala mita 500 kutoka hospitalini, saa inatosha. Aliyetoka Maua, Tharaka au Siakago saa imekwisha kumhukumu kabla hajafika. Picha ya namna hiyo ndiyo inayoweza kumtetea. Kwa hiyo nikisikia kwamba vifaa vya namna hiyo ni anasa kwa kaunti za mlimani, nakataa kwa moyo wangu wote. Huku ndiko vinakohitajika kwanza, pamoja na mtu wa kuviendesha usiku, fundi wa kuvitengeneza, na daktari aliye tayari kupokea simu.

Igoji nilifika siku ya tatu, mchana. Mke wa mjomba, ambaye sisi sote tunamwita Mama, alikuwa akianika maharagwe uani. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Maneno yamemrudia machache: majina ya wanawe, "ndiyo", "bado", na jina la ng'ombe aliyekuwa akimkama siku ile. Nilimwamkia, akanishika mkono kwa ule wa kushoto, akaubana muda mrefu. Nikamwomba ruhusa ya kuiona bahasha. Aliinuka mwenyewe kwenda kuitoa.

Picha tuliinua pamoja kuelekea mwanga wa mlango. Upande mmoja wa ubongo una doa jeusi, umbo la jani la mhogo lililokatwa nusu. Kulizunguka, filamu imepoteza mng'aro wake; ina ukungu wa mafuta ya ngozi, duara juu ya duara, na ilinichukua muda kutambua kwamba hizo ni alama za kidole chake. Amekuwa akiishika mahali palepale miaka sita. Nilitaka kumsomea namba iliyo kwenye daftari, nikaliacha mfukoni. Aliweka kidole kwenye doa, akakitoa, akakiweka pembeni yake, pale palipo kijivu, penye uhai, akanitazama.

"Bado," alisema.

Kisha akairudisha picha ndani ya bahasha kwa mkono mmoja, jambo linalomchukua muda. Mama alikuwa amesimama na ungo wa maharagwe, akamwacha amalize.